Mmoja Anakumbuka, Mwingine Anaambiwa: Historia ya Mapenzi ya Kuandikiwa

Anayeijua Kenyatta Market, pale karibu na mtaa wa Golf Course na si mbali na hospitali kuu ya taifa, anajua kwamba soko hilo lina sifa mbili: nyama choma na kusuka nywele. Hujaingia vizuri kabla wasusi hawajakuzingira: “Anti, unasuka? Kuja hapa, ni haraka.” Haraka yenyewe si haraka. Msichana anayetaka misuko myembamba hukaa kitini karibu nusu siku, wasusi wawili au watatu wakimvuta kichwa huku na huku, naye hana la kufanya ila kuinamia simu. Na ndani ya simu, hasa siku za likizo, mara nyingi mna hadithi ya mapenzi.

Likizo moja nilimsindikiza mjukuu wangu wa kidato cha tatu huko. Nikamwuliza anasoma nini hata haoni anavyoumizwa kichwa.

“Ni hadithi ya shule, shosho. Kuna mvulana mpya darasani. Kumbe amempenda huyu msichana tangu maisha mengine huko nyuma. Amemtafuta maisha sita.”

“Na msichana je?”

“Yeye hakumbuki kitu. Jamaa ndiye anamwambia.”

Msusi aliyekuwa upande wa kushoto akacheka. “Huyo mimi ningemwambia aende akamtafute wa saba.”

Mjukuu wangu hakucheka. Aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: jambo hilo la mtu kufa na kuzaliwa tena akiwa mtu mwingine, na mapenzi yake yakamfuata, Kiswahili hulitajaje? Nilimjibu kwamba kabla ya kutafuta neno, tutafute kwanza historia. Neno lisilo na historia ni kama nguo ya kuazima. Haikosi mahali inapobana.

Tuanze na msamiati tulio nao. Kiswahili hakina njaa ya maneno ya majaaliwa. Tuna jaala na majaaliwa, kutokana na kitenzi kujaalia. Tuna kudura na kadari. Tuna nasibu, yaani fungu alilokadiriwa mtu. Tuna ajali. Na tuna nyota. Isipokuwa nyota, ambalo ni neno letu la Kibantu, haya yote asili yake ni Kiarabu, na yalikuja pamoja na imani kwamba mambo ya mja yako mikononi mwa Muumba wake.

Lakini hebu tazama maneno hayo yalivyosafiri. Ajali, kwa maana yake ya awali, ni siku aliyowekewa mtu kufa. Leo ukisema “kumetokea ajali”, msikilizaji anaona basi lililopinduka Salgaa. Nasibu nayo, iliyokuwa fungu la mtu kutoka kwa Mungu, leo tunaikuta katika bahati nasibu, mchezo wa kubahatisha pesa. Yaani maneno mawili ya mambo yaliyopangwa yamekuwa maneno ya mambo yasiyopangwa na yeyote. Wasemaji wa kawaida, bila kamati wala kikao, walikwisha kuilegeza kamba ya majaaliwa.

Nyota ina habari yake. Katika miji ya pwani, wazee walipopeleka posa, baadhi yao walikwenda kwanza kwa mnajimu. Herufi za jina la kijana na la mamake, na za jina la binti na la mamake, zilihesabiwa kwa abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya tarakimu. Jumla ikatazamwa, ikasemwa nyota zinapatana au hazipatani. Jambo la kuzingatia ni wakati. Nyota ilitazamwa kabla ya arusi, na matokeo yake yalikuwa ushauri. Zisipopatana, watu walitafuta siku nyingine, walitoa sadaka, au waliiacha posa yenyewe. Nyota haikumkamata mtu mkono ikamburura.

Sarufi pia ina la kutufunza. Tunasema kuandikiwa, kupangiwa, kujaaliwa. Vyote ni vitenzi vya kutendwa, na mtendaji aliyefichika ni Mungu. Mtu husema “nimejaaliwa mke mwema” baada ya kumpata, akishukuru. Hatumtarajii kijana asimame mbele ya msichana ambaye hajamkubali bado, amwambie “nimejaaliwa wewe”. Akifanya hivyo, wazee watamwona mpungufu wa adabu, maana amejitwalia kalamu isiyo yake. Katika Kiswahili cha kawaida, lugha ya majaaliwa katika mapenzi ni lugha ya shukrani. Haikuwa lugha ya kudai.

Sasa tuje kwenye kuzaliwa tena. Hapa msamiati ni haba zaidi, na sababu zake ni za kihistoria. Wanazuoni wa Kiislamu wanalijua neno tanasukhi, kuhama kwa roho kutoka kiwiliwili kimoja hadi kingine, lakini wanalitaja ili kulikana. Ukristo nao unafundisha kwamba mtu hufa mara moja kisha huja hukumu, na maneno kuzaliwa mara ya pili yamekwisha kuchukuliwa na wokovu. Ukimwambia mama wa Nairobi kwamba fulani amezaliwa upya, ataitikia “Bwana asifiwe”, wala hatafikiri juu ya maisha ya kabla. Dini mbili kubwa za wasemaji wa Kiswahili, kila moja kwa njia yake, zilikwisha kulifunga jambo hilo.

Hata hivyo, wenyeji wa Afrika Mashariki hawakuwa wageni wa wazo la aliyekufa kurejea. Soko tulilolitaja lina jina la mtu aliyeandika kulihusu. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya kilichochapishwa London mwaka 1938, alieleza jinsi Wagikuyu wanavyowapa watoto majina ya watu wa ukoo: mwana wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Miongoni mwa Waluo, jina la juogi huja kwa ndoto, au mtoto hulia bila kunyamaza mpaka litajwe jina la marehemu anayetaka kukumbukwa. Miongoni mwa Wakipsigis na Wanandi, katika sherehe ya kurenet, wazee humtajia mtoto mchanga majina ya wahenga, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo lake.

Ningependa msomaji aikumbuke chafya hiyo, tutaihitaji. Mtoto hakuambiwa tu “wewe ni fulani.” Alitajiwa, akasubiriwa, akajibu.

Na mapenzi je? Yamo pia, ila yamevaa vazi la mzaha. Takriban katika jamii zote za eneo hili, bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”, na babu humwita mjukuu wa kike “mke wangu” au “bibi harusi wangu”. Mjukuu akiwa amebeba jina la marehemu babu yake, mzaha huo huwa na uzito: bibi humtania mtoto kwamba siku hizi hamletei sukari, kwamba amemtupa, kwamba zamani alikuwa akimnunulia leso. Watu hucheka. Lakini ndani ya kicheko hicho mjane anapata ruhusa ya kulitamka tena jina la mumewe kwa sauti ya mapenzi, mbele za watu, bila aibu na bila kumdai mtoto chochote. Huo ndio utani wetu. Unabeba huzuni kubwa kwa mikono miepesi.

Mwanafalsafa wetu John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliliweka jambo hili katika maandishi ya kitaaluma mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini nguzo zake mbili ni maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kwa kuwa Mbiti aliona Kiingereza hakimtoshi kueleza wakati wa Mwafrika. Kwa maelezo yake, marehemu anayekumbukwa kwa jina na walio hai bado yumo katika sasa. Wa mwisho kumjua akishafariki, naye huzama katika zamani. Kuhusu kuzaliwa tena, Mbiti alisema kwamba kunakoaminiwa huwa ni kwa sehemu tu. Baadhi ya sifa za marehemu huonekana kwa mtoto wa ukoo wake, ilhali marehemu mwenyewe anaendelea kuwa yeye, na mtoto ni yeye.

Kwa hiyo, urejeo wa kwetu una sifa tatu. Ni wa ukoo, si wa wapenzi wawili. Kumbukumbu yake iko kwa jamii nzima: mtoto hakumbuki chochote, wala marehemu hasemi, ila shangazi, mjomba na jirani wote wanamjua aliyerejea na wanaweza kumpinga anayezidisha chumvi. Na tatu, haumpi mtu yeyote haki juu ya mwili wa mwingine. Bibi anayemwita mjukuu “mume wangu” ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga vigelegele mjukuu huyo akioa.

Je, ile hadithi ya simuni ilitoka wapi basi? Ilipita njia ndefu, na kituo kimoja cha awali, ajabu iliyoje, kilijengwa katika pwani yetu.

Kuanzia Oktoba 1886 hadi Januari 1887, jarida la The Graphic la London lilichapisha kwa mfululizo riwaya ya H. Rider Haggard iitwayo She. Vijana na wazee wa Uingereza waliipapia. Ndani yake, Mwingereza kijana, Leo Vincey, anavunjikiwa chombo katika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na mlezi wake Holly, msomi wa Cambridge. Wanapelekwa bara, kwenye mapango ya mji wa kale uitwao Kôr. Huko anatawala Ayesha, mwanamke mwenye asili ya Kiarabu ambaye amekwisha kuishi miaka zaidi ya 2,000. Alimwua Kallikrates, mwanamume aliyempenda, kwa sababu huyo alimpenda mwingine. Na tangu hapo amekaa pangoni akingoja azaliwe tena. Anapomwona Leo, anaamua ndiye.

Leo hakumbuki lolote. Ayesha ndiye anayekumbuka, naye ndiye anayemwambia.

Kuna mhusika mwingine, ambaye wasomaji wengi humsahau. Ustane ni msichana mwenyeji wa kabila la Amahagger. Katika desturi za watu hao kama Haggard alivyozibuni, mwanamke ndiye anayechagua: humbusu mwanamume mbele za watu, na mwanamume akikubali hurudisha busu. Ustane alimchagua Leo hivyo, akajibiwa. Alimwuguza alipokuwa mahututi. Ayesha alimwamuru aondoke, akakataa, akauawa. Kosa lake ni kwamba mapenzi yake yalianza juzi. Katika mahakama ya kuandikiwa, aliyechagua na kukubaliwa hana kesi mbele ya aliyengoja.

Haggard hakuwa mgeni katika shule zetu. Riwaya yake nyingine ilitafsiriwa kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1929 kwa jina Mashimo ya Mfalme Sulemani, miaka ambayo Kiswahili sanifu kilikuwa kikitafutiwa vitabu vya kusomesha. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind (1986), anamtaja Haggard miongoni mwa waandishi aliowasoma akiwa mwanafunzi. Alilalamika, na kwa haki, kwamba vitabu vya aina hiyo vilimhamisha mtoto kutoka kwake mwenyewe hadi kwingine. Mimi naongeza kwamba vilihamisha pia dhana ya kurejea: vikaitoa sebuleni kwa bibi, penye watu wengi na kicheko, vikaiingiza pangoni, penye watu wawili na siri moja.

Kituo cha pili kilikuwa sinema za Kihindi. Kizazi changu kilizijua kabla ya kujua riwaya. Hapa Nairobi tulikuwa na Shan pale Ngara, jengo ambalo leo ni Sarakasi Dome, na miji ya pwani na Unguja ilikuwa na kumbi zake. Wazo la kuzaliwa tena ni la asili katika dini ya Kihindu, na watengenezaji wa filamu walilitumia vyema. Katika Madhumati ya mwaka 1958, Dilip Kumar anaikumbuka katika jumba kuukuu usiku wa mvua habari ya maisha yaliyopita, ya binti wa milimani na bwana mkubwa dhalimu. Katika Milan (1967) wapenzi wa mto mmoja wanarejea. Katika Karz (1980) kijana aliyeuawa na mkewe anazaliwa upya akiwa mwanamuziki na kumwandama muuaji wake. Hata mwaka 2007, Om Shanti Om iliirudia ngoma hiyohiyo kwa mavazi mapya.

Jina Karz lenyewe ni darasa la isimu. Ni neno lililoingia Kihindi na Kiurdu kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa Kiswahili ni karadha, yaani mkopo, deni. Humo ndimo ilimo tofauti. Katika filamu nyingi za aina hii, anayerejea hurejea kwa sababu kuna dhuluma isiyolipwa: bwana shamba aliyeua, tajiri aliyeteketeza. Mapenzi yapo, nyimbo zipo, lakini kinachomrudisha mtu ni hesabu isiyofungwa. Mtazamaji Mwislamu wa Mombasa au Mkristo wa Kaloleni hakuhitaji kuiamini tanasukhi ili afurahie kuona dhalimu amepatikana.

Na tazama taarabu ilivyofanya. Waimbaji wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa kinara wao, walichukua mahadhi ya nyimbo za filamu hizo na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Mahadhi yakavuka bahari, imani ikabaki bandarini. Mashairi yaliyotiwa humo ni ya nasibu, ya subira, ya mtu kuachwa na kulia. Mpenzi wa taarabu hateseki kwa sababu ya maisha ya kabla. Anateseka kwa sababu jana aliahidiwa.

Waandishi wetu wa vitabu nao walifanyaje? Nikiwachunguza, naona kwamba kila walipoishika nyota waliigeuza wakaiona nyuma yake. Grace Ogot, katika hadithi ya “The Rain Came” iliyomo katika Land Without Thunder (1968), anamsimulia Oganda, binti wa chifu aliyechaguliwa na wahenga awe kafara ya zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Maandiko yamekwisha kuandikwa. Lakini Osinda, mpenzi wake, anamfuata njiani na vazi la majani la kumficha asionwe na wahenga wala zimwi, wanatoroka pamoja, na mvua inanyesha vilevile. Wahenga walisema, wawili wakachagua, mbingu hazikuanguka.

Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar aliiweka nyota katika anwani kabisa, Nyota ya Rehema (1976). Msomaji anayeifungua akitarajia unajimu atashangaa. Kinachomwandama Rehema ni jamaa waliomkataa, urithi, na shamba ambalo yeye na mumewe Sulubu wamelitolea jasho. Nyota yake mbaya ina hati na mihuri. Hapa bara, katika miaka hiyohiyo ya sabini, Spear Books za Heinemann (1975) na Pacesetters za Macmillan (1977) zilijaa mabwenini, na katika Across the Bridge ya Mwangi Gicheru (1979) kinachowatenga wapenzi ni daraja la kitabaka: mtumishi wa nyumbani na binti wa tajiri wake. Halafu Siku Njema ya marehemu Ken Walibora (1996), ambayo vijana wa shule waliisoma hadi majalada yakachakaa. Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba yake. Anachotafuta nyuma ni nasaba, wala si maisha aliyoyaishi kabla ya haya. Huu ni urejeo wa kwetu, ule wa ukoo.

Kisha ikaja karne hii na wimbi jingine. Mwaka 2005 ilitoka Twilight ya Stephenie Meyer, ambamo kijana asiyezeeka aliyejificha katika umbo la mwanafunzi wa miaka 17 anampenda msichana wa shule, na usiku anaingia chumbani mwake kumtazama akilala. Mwaka 2009 zikatoka mbili zilizoirudisha dhana ya kuzaliwa tena waziwazi. Katika Evermore ya Alyson Noël, Damen amekuwa akimpata na kumpoteza msichana yuleyule kwa karne kadhaa. Katika Fallen ya Lauren Kate, Luce anapelekwa shule ya kurekebisha tabia huko Georgia, Marekani, na kumkuta Daniel, malaika aliyeanguka, ambaye amempenda tangu kale. Kila baada ya miaka 17 Luce huzaliwa upya, humpenda, hufa. Jukwaa la Wattpad, lililoanzishwa Toronto mwaka 2006, likampa kila kijana mwenye simu uwezo wa kusoma hadithi za namna hiyo bila malipo, na kuziandika pia.

Sitaki kuzibeza. Zimeandikwa kwa kasi, na zinamwambia msichana wa miaka 16 jambo ambalo hakuna anayemwambia nyumbani wala shuleni: kwamba yeye ni wa thamani hata kabla ya matokeo ya mtihani. Kuna mtu aliyevuka karne akimtafuta yeye, si alama zake. Mwalimu anayeinyakua hadithi hiyo na kuichana bila kuelewa njaa hiyo hajamfunza mtoto kitu.

Lakini ziweke kando ya She ya 1887 uone zinavyofanana. Mmoja anakumbuka, mwingine anaambiwa. Jinsia zimebadilishana nafasi: Ayesha aliyekumbuka alikuwa mwanamke, na katika hizi za sasa mwenye kumbukumbu ni mvulana. Kilichobaki ni kwamba kumbukumbu ni mali ya mtu mmoja, haina shahidi, na inageuka hati ya umiliki. Msichana akisita, kusita kwake hakuhesabiwi kuwa jibu. Huhesabiwa kuwa usahaulifu. “Hunitaki kwa sababu hujakumbuka bado.” Na hapo ndipo neno “hapana” linapopotelea.

Tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Mimi sisemi kwamba riwaya ndizo zilizoua. Muuaji ni muuaji, na sababu ni nyingi, nzito kuliko vitabu. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kusikiliza lugha. Mwanamume anayemfuata mwanamke aliyekwisha kumkataa hutumia maneno gani? “Wewe ni wangu.” “Tuliandikiwa.” “Mungu alinionyesha.” Ni lugha ya majaaliwa iliyogeuzwa kutoka shukrani ikawa dai. Mtoto aliyezoea kuisoma kama kilele cha mapenzi atakuwa na kazi ngumu zaidi kuitambua kama onyo siku atakapoisikia mlangoni pake.

Ndiyo maana naona suala la istilahi si suala dogo. Napendekeza tutenganishe mambo mawili. Kwa imani ya roho kuhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine, tunalo tanasukhi, neno lililokomaa, na kwa lugha nyepesi tunaweza kusema kuzaliwa tena duniani. Lakini kwa lile la kwetu, la jina na sifa za marehemu kuonekana kwa mtoto wa ukoo, tulitumie neno kurejea, wala tusilitafsiri kwa istilahi ya kigeni, kwa maana si kitu kimoja. Tukiyachanganya, kijana wetu atadhani kwamba bibi yake na Ayesha walikuwa wakisema jambo lilelile.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi moja la vitendo. Waacheni waandike hadithi hizi katika insha zao, tena kwa Kiswahili, maana lugha itawalazimu kuamua mambo ambayo tafsiri ya kichwani huwaficha. Mvulana akisema “tumeandikiwa”, mwandishi kijana ataulizwa na sarufi yenyewe: na nani? Umejuaje? Kisha wapeni masharti mawili. La kwanza, kumbukumbu ya maisha yaliyopita iwe na mashahidi: nyanya, jirani, mzee wa mtaa, yeyote anayeweza kusema “hapana, haikuwa hivyo.” La pili, anayedaiwa kupendwa tangu kale atajiwe habari hiyo, kisha asubiriwe kama wazee wa kurenet wanavyomsubiri mtoto. Akipiga chafya, hadithi na iendelee. Asipopiga, wahenga watajwe wengine.